Betri ya Nukta

Kioo cha mashine kilipowaka, kilitoa mstari mmoja mfupi wa kijani uliopepesa pembeni, kisha basi. Fundi alisubiri. Mashine za zamani huamka kwa kujikongoja, kwa hiyo aliipa dakika tano nzima, mkono wake ukiwa umeshika mlango wa kabati la umeme. Mwishowe akabonyeza kitufe cha kuorodhesha kazi zilizohifadhiwa. Orodha ikaja tupu, haina hata mstari mmoja.

Alizima, akawasha tena. Mstari wa kijani ulirudi, ukapepesa vilevile. Fundi akavuta kigoda, akaketi.

Mashine hiyo ya kuchonga vyuma ilikuwa ya mdogo wake. Kwa miaka kumi na tisa mdogo huyo alisimama mbele yake akiiandikia, hatua kwa hatua, namna ya kukata gia na mifuniko ya pampu, wala hakukubali kosa hata la sehemu mbili za mia za milimita. Ndiyo maana watu walimwita Nukta. Wateja walimnung'unikia kwa kuchelewesha kazi, kisha wakarudi kwake wenyewe, kwa sababu kipande alichokikata Nukta kiliingia mahali pake bila kubembelezwa kwa nyundo. Sasa Nukta alikuwa na miezi minane kaburini. Mjane wake hakutaka karakana nayo izikwe, na vipuri vya kidhibiti kile cha zamani, kompyuta iliyoiongoza mashine, havikupatikana tena hata kwa dawa. Akamwomba shemeji yake, ambaye kazi yake ni umeme wa mitambo, aiwekee mashine kidhibiti cha kisasa, mota mpya, na skrubu mpya ile ndefu inayosukuma meza.

Aliomba na jambo jingine. "Kabla hujaking'oa hicho cha zamani, nitolee maneno yake, shemeji. Hayo tu."

Maneno yenyewe Nukta aliyaandika katikati ya hatua za kazi, mahali ambapo mafundi wengine huandika namba ya kisu. Yeye aliandika kama alivyozungumza. Ungekuwa unakata chuma, ghafla kioo kinakuambia: POLEPOLE HAPA, CHUMA HIKI KINA KIBURI. Au, chuma kikiwa kimebanwa kwenye jiliwa: KAZA JILIWA TENA, USINIAIBISHE. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, na mkewe alipomtania kuwa ameolewa na bubu, alijibu kwamba maneno yake yote ameyaweka kwenye mashine, siku moja atayasoma.

Kumbukumbu yote ya kidhibiti kile ililindwa na betri moja, nene kama kidole gumba. Mashine ikizimwa, betri ndiyo inayoshika zamu. Kila mwaka Nukta aliibadilisha mwenyewe, mashine ikiwa inawaka, kwa kuwa ukiichomoa mashine ikiwa imezimwa, au ukiiacha ikafa, kila kitu kinafutika. Alipolazwa hospitali alimshika kaka yake mkono akamwambia, "Betri, kaka. Mwaka umetimia. Ibadilishe ikiwa inawaka." Kesho yake akamkumbusha tena. Fundi aliitikia; alikuwa ameshainunua jioni iliyotangulia. Lakini mgonjwa akazidiwa, yakafuata mazishi, na baada ya hapo kila alipofika mlangoni pa karakana miguu ilimgomea. Akajiambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa nyingine, na betri ikabaki mfukoni mwa koti lake la kazi, ndani ya plastiki yake.

Jumatatu hiyo, orodha ikiwa bado tupu, mjane alipiga simu kabla ya saa nne.

"Umeshaanza kuyatoa, shemeji?"

"Bado," alijibu. "Waya wa kuunganishia unanisumbua."

"Usijali, usijiharakishe. Nimesubiri miezi yote hiyo."

Aliongeza uongo mwingine Jumanne, na mwingine Jumatano. Huku akifanya kazi. Aling'oa kidhibiti cha zamani akakiweka sakafuni juu ya gunia, kwa adabu, kama kwamba kingeweza kuumia. Alivuta nyaya mpya, akafunga mota, akapachika kioo kipya chembamba kilichong'aa kiasi cha kumwonyesha uso wake mwenyewe, jambo ambalo hakulipenda. Hakuwa na mtu wa kumlaumu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Alhamisi asubuhi akafungua kompyuta akaanza kuandika. Yale mawili ya kiburi na ya jiliwa aliyakumbuka vizuri. Akakumbuka la tatu: SAA SITA HII, NINA MKE ANAYEJUA KUPIKA. Alicheka peke yake, akafuta macho kwa mkono wa koti. Kisha akaandika la nne, la tano, akafika la saba. Nani angejua? Mjane angefurahi, na mambo yangekwisha hapo. Akayasoma tangu mwanzo. Matatu ya kwanza yalikuwa ya Nukta, unamsikia kabisa. Manne yaliyofuata yalikuwa ya mtu mpole, mwenye maneno mazuri, asiyemjua. Akayafuta yote manne. Akampigia simu shemeji yake amwambie aje.

Mjane alifika amevaa viatu vya kufunga, kama mtu aliyejiandaa kusimama kwa muda mrefu. Miezi yote hiyo hakuwa amekanyaga pale. Akatazama kioo kipya, kisha gunia sakafuni.

"Umekitoa. Basi umeshayapata."

"Hayapo, shemeji." Alisema akiwa amesimama wima, mikono chini. "Betri ilikufa. Yamefutika yote."

"Lini?"

"Sijui. Ilikufa polepole, mashine ikiwa imezimwa. Wiki hii yote nimekuwa nikikudanganya."

Alitia mkono mfukoni, akaiweka betri juu ya meza ya mashine. Mjane aliitazama bila kuigusa.

"Alikuambia uibadilishe?"

"Aliniambia. Mara mbili."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nimeshaibadilisha." "Ile mara ya pili. Nilikuwa nimeinunua tu, lakini nilitaka alale."

Mjane aliketi kwenye kigoda. Fundi alitarajia matusi, angeyapokea kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo alikufa akijua yapo salama," mjane alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi ndiye niliyebaki kujua hayapo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sijui kama nitakusamehe, shemeji. Leo siwezi."

"Sikuombi leo."

Lakini hakuondoka. Aliuliza kazi gani imebaki, akaambiwa ni kupima: meza isogezwe kidogokidogo, na kila inaposimama kosa lake lisomwe kwenye kipimo chenye mshale. Akaomba daftari na penseli. Walifanya hivyo karibu saa nzima, fundi akisoma, mjane akiandika. Sifuri nukta sifuri moja. Sifuri nukta sifuri moja. Sifuri nukta sifuri tatu. Walipokaribia katikati ya meza penseli yake ikasita.

"Mbona hapa zinapanda?"

"Hapo ndipo alipofunga jiliwa lake. Miaka yote, kazi zote, mahali hapohapo. Skrubu imelika."

"Imelika kwa ajili yake?"

"Kwa ajili yake. Hapa katikati imefika sifuri nukta moja. Yeye alikuwa akiifidia kwa hesabu zake mwenyewe."

Aliiandika polepole. Kisha akageuka kutazama sanduku la mbao ukutani, ambamo skrubu mpya ilikuwa imelala katika mafuta yake.

"Ukiweka hiyo?"

"Zote zitakuwa sifuri, au karibu na sifuri."

"Na usipoiweka?"

Fundi alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu alikuwa amechoka kumwambia lisilo kweli. "Nitakiingizia kidhibiti hesabu hizi ulizoandika. Meza kila inapopita hapo itajua kwamba pamelika, itaongeza kidogo. Kazi itatoka sawasawa. Lakini haitadumu kama mpya. Miaka miwili, mitatu, nitalazimika kuibadilisha tu."

Mjane alifunga daftari, akalifungua tena, akamkabidhi. "Ingiza."

Akaingiza namba moja baada ya nyingine, akazihakiki, akabonyeza kitufe cha kuanzia. Meza ikaanza safari kutoka kushoto. Mjane alikuwa amesimama kando yake, kiganja kimelazwa juu ya chuma, anaifuata kwa hatua fupi.

"Imeshapita hapo?"

"Imeshapita."

"Imeongeza? Mbona sijahisi kitu?"

"Haihisiki, shemeji. Ni unene wa unywele."

Aliitikia kwa kichwa, lakini mkono hakuuondoa. Meza ilifika mwisho ikasimama.

"Irudishe," alisema. "Ipitishe tena, polepole."