Majina Yaliyounganishwa

Idarus alikuwa mtu wa kujisifu, na mwaka ule wa 1993 alikuwa na la kujisifia. Zahanati yao ya Kisauni ilikuwa na kompyuta moja tu, na yeye ndiye aliyeitunza. Majina ya wagonjwa, dawa walizopewa na zile zilizowadhuru, yote yalikuwa mikononi mwake. Ijumaa moja meneja, Bwana Elkana, alimwambia kompyuta imejaa, apunguze majina yaliyorudiwa. Idarus akaiamuru mashine: jina la mtu na la babake yakifanana, na mtaa ukiwa mmoja, rekodi mbili ziwe moja, mpya ibaki, ya zamani ifutwe. Kisha akanakili kazi yake safi juu ya diski za akiba, zilizokuwa na nakala ya zamani.

Jamani, na ni mtu wa Mombasa kabisa! Ukoo wao wenyewe ulikuwa na kina Idarus wanne, wote wamerithi jina la babu mmoja. Haikumpitia akilini kwamba majirani zake nao huwapa watoto majina ya wazee.

Jumatatu asubuhi mwanamke wa makamo alisimama dirishani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mimi Mwanakheri Badi, wa Magogoni.”

Idarus akatazama kioo cha kompyuta. “Mbona umeshaonwa na daktari, mama? Umeandikiwa sindano ya penisilini.”

Mwanamke akacheka. “Mimi? Wallahi, bado! Huyo ni somo yangu, jina letu moja. Babangu ni Badi, babake naye ni Badi, na sote twaitwa kwa bibi mmoja wa ukoo. Tumekuja pamoja, yeye kaingia mbele. Nimemsindikiza kwa kuwa dawa nyengine humziba koo. Mwaka juzi nusura afe.”

Kiti kilianguka nyuma yake, naye yuko ukumbini anakimbia.

Muuguzi Sidi alikuwa ameinua sindano.

“Sidi, wacha!”

Mgonjwa akaruka. “Kijana huyu ana wazimu?”

“Mama, penisilini yakudhuru?”

“Hee! Si naliwambia mwaka juzi, mkaandika wenyewe?”

Idarus aliegemea ukuta, akataka kulia mbele za watu. Bwana Elkana alikuja, akaelezwa, akampigapiga begani. “Umeokoa mtu, bwana. Yamekwisha.”

Hayakuwa yamekwisha, na Idarus alijua. Mashine haikuweka kumbukumbu ya majina iliyoyaunganisha, na diski za akiba zilikuwa na makosa yale yale. Aliona haya hata kumtazama Sidi.

Sidi alikuwa angali ameshika sindano. “Jumamosi nilimdunga Mwinyihaji Babu wa Bombolulu,” alisema polepole. “Penisilini. Nilimwomba angoje kidogo nimwangalie, akasema ana haraka. Kompyuta ilionyesha hana shida na dawa yoyote.”

“Basi?”

“Alitakiwa arudi leo mapema kwa sindano ya pili. Hajarudi.”

Idarus alilikumbuka jina hilo. Ijumaa aliliona likipita kwenye kioo, mawili yakawa moja, akafurahi. Sasa alirudi kwenye kompyuta, ikampa nyumba moja, nyuma ya karakana za Bombolulu. Alitoka bila kumuaga mtu. Njia nzima alimwomba Mungu amkute yule bwana ana hasira tu na foleni zao, au amesahau, au amekwenda shamba.

Alibisha hodi. Aliyefungua alikuwa mzee mwenye kikoi, yu mzima, kikombe cha kahawa mkononi.

“Wewe ndiwe Mwinyihaji Babu?”

“Ndimi. Karibu.”

Idarus nusura amkumbatie. “Alhamdulillahi! Nimetoka zahanati, mzee. Tulikuwa na wasiwasi. Ile sindano ya Jumamosi haikukudhuru?”

Mzee akakiweka kikombe chini.

“Mimi sijadungwa sindano, mwanangu. Huyo ni somo yangu, wa nyumba ya pili. Tumemzika jana.”