Kimo cha Mama, Uso wa Mungu

Mama mdogo ana kiti chake kibandani kwangu, kati ya cherehani na kioo cha wateja. Mimi nashona, yeye ananisomea Maandiko kwa sauti, na tukifika penye utata tunagombana kama ndugu wanaogombea urithi.

Wiki hii tulikwama kwenye umbo la Mungu. Hapa wazee wanapanda mlimani, wanamwona, wanakula na kunywa. Pale hakuna aliyemwona kamwe. Musa anasema naye uso kwa uso, na mistari michache baadaye anaambiwa hakuna atakayeuona uso huo akaishi.

"Mteja wa namna hii simshonei," nikasema. "Leo ana mikono, kesho ni roho tupu. Nitampima wapi?"

"Chunga mdomo wako, radi ipo," akanijibu, lakini alicheka.

Mimi sikucheka sana. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Hakuacha picha hata moja. Aliacha kitambaa cha buluu ambacho hakuwahi kukishona. Niliamua nimshonee gauni lake, nilitundike ukutani, nione angalau nafasi aliyokuwa akiijaza. Waliomjua wamekwisha wote, amebaki mama mdogo, kitinda mimba wa kwao. Juzi aliniambia mama alikuwa mrefu, akiingia mlangoni anainama. Nikakata kitambaa.

Leo, nikiwa napiga upindo, akatazama na kusema, "Mbona refu hivyo? Dada alikuwa mfupi. Alinifika begani."

Mkasi ulinitoka mkononi. "Mama mdogo! Juzi mrefu, leo mfupi? Mimi nina kitambaa kimoja tu! Ulimwona au hukumwona?" Nililia, tena kwa sauti, hata mteja aliyekuwa anaingia akarudi alikotoka.

Akafunga Maandiko. "Nilimwona, mwanangu. Nilipokuwa mtoto alikuwa mrefu kuliko mlango. Nilipokua nikampita. Yote ni kweli. Lakini ukiniuliza uso..." Akashika upindo wa gauni. "Uso umenipotea, miaka mingi sasa. Niliogopa kukwambia, ndiyo maana natapatapa."

Kumbe hata yeye.

"Mama yetu alishinda kazini," akaendelea. "Dada ndiye aliyenibeba. Nimelelewa mgongoni kwake, na nilichokiona kila siku ni kisogo. Hicho sijakisahau. Hata Musa mwishowe alionyeshwa mgongo tu, na ukamtosha."

"Mimi haunitoshi."

"Geuka."

Nikampa mgongo, nikapiga magoti juu ya vipande vya nguo. Akanikusanyia nywele juu. Nikataka kumwuliza anatafuta nini. Kisha nikahisi shavu lake likilala kwenye kisogo changu, limelowa.

"Usigeuke," akasema. "Dada, usigeuke kwanza."