Kitabu Chenye Penseli

Mama Mashuka alisimama mbele ya meza ya vitabu vya mitumba karibu saa nzima, mpaka muuza vitabu akamsogezea kigoda. "Dada, hivi ni vitabu, si wachumba," akamwambia. "Chagua kimoja uende."

Rahisi kwake kusema! Mtihani wa leseni ya uuguzi huruhusiwi kuufanya zaidi ya mara tatu, naye alishaanguka mara mbili. Akianguka tena, basi, atatandika vitanda vya wodi ya wanaume mpaka astaafu, kazi ya miaka kumi na moja iliyompa hilo jina. Mezani palikuwa na kitabu kipya cha maswali, kingine chenye picha za rangi, na kimoja kilichochakaa, kimejaa maandishi ya penseli pembeni. Mwenye akili zake angechukua kipya. Yeye akachukua kilichochakaa, na sababu yake aliionea haya. Wenzake husoma wawili wawili, mmoja anauliza, mwingine anajibu. Yeye hakuwa na wa kumuuliza. Binti yake wa pekee aliolewa mbali, na simu zake ni za "Mama hujambo, haya baadaye." Walau humu kitabuni mlikuwa na mtu.

Jioni akala amesimama, akakaa kitandani, akafungua. Mgonjwa anahema kwa shida. Utafanya nini kwanza? "Nitakimbia kumwita daktari," akajibu kwa sauti. Pembeni penseli ikamkaripia: *Umekosea, bibi wee! Unajibu ya wodini kwako, daktari mmoja majengo matatu. Hospitali ya kitabuni kila kitu kipo. Kwanza mkalishe, inua kichwa cha kitanda.*

Lo! Kumbe mbio zake zote za kupanda na kushuka ngazi ndizo zilizomwangusha! Akacheka mpaka machozi, halafu akakisikia kicheko chake kilivyo peke yake chumbani.

Wiki mbili walisoma hivyo, yeye na penseli. Alibishana nayo, akaitukana kidogo, akaiomba radhi. Kisha, mwisho wa sura ya tisa, maandishi yakakoma. Akapekua hadi jalada la nyuma: hakuna hata nukta. Mtu mzima na mvi zake akalia kwa sababu ya penseli, na asikuambie mtu, ilimuuma kama kuachwa.

Kesho yake akatumwa kuleta daftari la ripoti. Wasaidizi kama yeye hawalisomi; husomewa tu kila asubuhi. Lilikuwa wazi, naye akaona namba saba zilizokatwa katikati na herufi zilizolala kama zimechoka, zilezile za penseli. Ulikuwa mwandiko wa msimamizi wa wodi, yule mama ambaye wauguzi humwita Barafu, anayekula chakula chake stoo huku mlango umerudishwa.

Mchana akabisha hodi stoo, akaweka kitabu mezani. Barafu akaweka kijiko chini.

"Umekitoa wapi?"

"Kwenye mitumba, Sista. Samahani. Mbona uliishia sura ya tisa?"

"Nilipata wa kuniuliza." Barafu akafunika bakuli lake. "Mwenzangu wa zamu. Tukasoma mpaka mwisho, tukafaulu wote. Mwaka jana nilimzika. Kitabu nikakitoa, sikuweza kukitazama."

Mama Mashuka akasema pole, akageuka aondoke.

"Unakwenda wapi?" Barafu akasukuma kigoda kwa mguu. "Kaa hapo. Sura ya kumi, swali la kwanza. Mgonjwa ametoka kupasuliwa, bandeji imelowa damu. Utafanya nini kwanza?"

Mama Mashuka akakaa. "Wodini kwetu, Sista, huwa tuna..."

"Nani kakuuliza ya wodini kwetu?" akafoka Barafu, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Jibu tena."