Kilio Nyuma ya Pazia

Radi, mpiga ngoma za shaba mstaafu wa okestra ya taifa, alikuja kwenye chumba cha kanda cha redio kwa jambo moja tu: kuthibitisha kwamba hakulia. Kupigwa alipigwa, hilo halikani. Onyesho lilipokwisha na pazia kufungwa, Maestro, yule kiongozi wa okestra ambaye magazeti yalimwita fahari ya karne, alimvamia Radi kwenye ngoma, akamvunja pua na kidole. Lakini kulia? Mwanamume mzima? Thubutu!

Aliyeeneza habari za kilio ni shemeji yake, mpiga tarumbeta. Kila akisimulia, humalizia kwa kujivika taji: yeye ndiye aliyeudaka mkono wa Maestro. Kwa ajili ya mkono huo, Radi alimwachia amwoe dada yake.

Sasa redio ilikuwa karibu kurusha hewani rekodi za Maestro kama zilivyonaswa ukumbini, pamoja na ya usiku ule. Dunia nzima ingesikia.

"Weka, binti," Radi alimwambia fundi mitambo. "Leo mwongo ataumbuka."

"Leso umebeba, shemeji?" mpiga tarumbeta, aliyekuja naye, alicheka.

Muziki ukatikisa kuta. Karibu na mwisho, tarumbeta ikaingia kabla ya wakati, peke yake, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu. Ngoma ikaikimbilia kuifunika. Radi akakunja uso. Miaka yote aliambiwa kosa la usiku ule lilikuwa lake.

Makofi. Pazia. Maikrofoni zilikuwa bado wazi. Nyayo zikaja mbio, kiti kikaanguka, ngumi ikatua juu ya nyama. Kitu kikavunjika: ko! Kisha sauti nyembamba: "Mama wee! Mama yangu!"

Masikio ya Radi yakawaka moto.

"Si nilisema?" Shemeji alijipiga mapaja kwa kicheko. "Haya, zima, tumesikia." Mkono wake ulishafika kwenye kitufe.

Radi akaudaka. "Haraka ya nini? Wewe bado hujaingia."

Akaingia. Sauti ya shemeji kwenye kanda, changa lakini ileile: "Ndiye huyo, Maestro! Ngoma yake ndiyo iliyonivuruga! Mwongeze!"

Na Maestro akaongeza, kilio na sauti hiyo vikipandana.

Paji la uso wa Radi ndilo lililojibu, likitua katikati ya mdomo wa shemeji yake. Meno yakadondoka sakafuni. Akamkalia kifuani, akamtwanga mpaka ngumi zikateleza kwa damu.

"Dada yangu umemwoa kwa pua yangu! Kwa pua yangu, mshenzi we!"

"Babu, utaua!" Fundi alimvuta shati mpaka likachanika.

Radi akainuka, anahema. Shemeji akatambaa hadi miguuni pa fundi.

"Kata, mwanangu. Kata kuanzia pazia. Mke wangu asinisikie." Akamgeukia Radi, damu ikimchuruzika kidevuni. "Na kilio chako kitaondoka pia, shemeji. Tutapona sote."

Fundi alishika wembe wa kukatia kanda, akamtazama Radi. "Ni kweli, babu. Sauti zenu zimepandana kwenye kanda, siwezi kuwatenganisha. Niwakate?"

Radi alimtazama mtu aliyelala sakafuni. Akaona aibu ikimpanda tena, nzito kama alivyoijua siku ile. Akaimeza.

"Weka wembe chini," alisema. "Acha nilie, dunia yote isikie. Kisha huyu naye aongee."