Sheria ya "Yote Sawa"

Nilichukia maneno mawili tu hapa duniani, na mume wangu Norbert aliyasema kila jioni. Anarudi kutoka kwenye karakana ya mbao ya misheni, vumbi la msumeno limemjaa kwenye nyusi, namuuliza tule nini, anajibu bila kuinua macho: "Yote sawa, Pulchérie." Basi napika ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani. Anaitazama sahani. "Aa! Ndagala tena?"

Ningemmwagia mchuzi kichwani. Lakini ukweli usemwe, hata mimi sikujua nilichotaka. Nilianza kuchambua maharagi nikayaacha, nikashuka ufukweni kununua samaki wa mikeke, nikarudi mikono mitupu kwa kuwa njiani hamu ilikuwa imebadilika. Kuna siku tulilala na njaa, chakula kimo ndani, kwa sababu hakuna aliyetaka kuamua.

Jioni moja, baada ya kugombana hadi sauti zikatukauka, Norbert aliuchukua mwiko akauinua juu kama padri na msalaba wake.

"Kuanzia leo, mwenye kusema 'yote sawa' ndiye atapika."

"Ata kama ni mwanaume?"

"Ata kama ni mwanaume."

Tukaushika mwiko wote wawili, tukacheka mpaka nikapata kwikwi. Nilijua kesho yake atateleza, naye akateleza.

Hiyo ilikuwa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, miaka ya hamsini. Wabeleji waliotutawala walitulazimisha kulima pamba, na wanaume waliolima bila kufungua mdomo wangekufa kwanza kabla ya kuonekana wanasonga bugali. Basi Norbert alipika mlango umefungwa. Hata kinu tulikiingiza ndani, na alipotwanga, sufuria zilicheza ukutani.

Lakini sombe yake! Aliyapitisha majani ya muhogo juu ya moto kidogo kabla ya kuyatwanga, akatia karanga na mawese kwa mkono wa mtu anayejua.

"Nani alikufundisha?" nilimuuliza.

"Njaa."

Sikumwamini, ila mdomo wangu ulikuwa umejaa.

Jirani yetu Zubeda, mke wa mwenye mitumbwi, alitenganishwa nasi na ua wa matete tu. Asubuhi moja alinisimamisha. "Dada Pulchérie, ku nyumba yenu nani anatwanga? Ile mukono iko nzito."

"Ni mi. Nilikuwa na hasira."

"Kila siku hasira?" Akaenda zake anacheka.

Habari ikapanda kapu la samaki ikafika Lweba, kwa mama mkwe wangu Anastasie. Naye akatuma neno: anakuja kuona kwa macho yake. Akikuta mwanawe anampikia mwanamke, atanirudisha Mboko kwa baba yangu siku hiyo hiyo.

Niliogopa. Nilimpenda Norbert, nasema wazi, na Mboko wangenipokea kwa vicheko. Tangu neno lile lifike sikutulia. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Niliketi, nikainuka, nikachungulia njia, nikarudi jikoni nikasahau nilichofuata. Norbert nilimkataza kugusa moto mpaka mama yake aje na aondoke. Lakini jioni ile ile yale maneno mawili yakamtoka, na yeye ni mtu wa sheria. Alipika sombe, na iliyobaki ikalala kwenye chungu.

Kesho yake, kabla ya jua kuwa kali, Anastasie akatokea njiani, kapu kichwani, mgongo umenyooka. Hakunipa mkono. Aliketi kwenye kiti alichotengeneza mwanawe, akakikagua kinu kile ndani ya nyumba kwa muda mrefu.

"Mama, karibu," nilisema. "Tukupikie nini?"

"Yote sawa," akajibu. "Kama iko mwanamuke mwenye kujua kupika humu."

Norbert alikohoa. Nilimwona anauma midomo, nikajua anachofikiri, nikamwomba Mungu akizuie kicheko chake. Kumbe wa kuzuiwa nilikuwa mimi. Ile "kama iko mwanamuke" ilinipanda kichwani.

"Mama, humu ndani mwenye kusema 'yote sawa' ndiye anapika."

Wanasema mdomo uliponza kichwa, na mimi kichwa changu nilikiona tayari kiko njiani kwenda Mboko.

"Nani anapika?" akauliza polepole.

"Kila mutu mwenye kuisema."

"Ata Norbert?"

Nilimtazama mume wangu. Angeweza kusema ni mchezo tu, kwamba mke wake ana maneno mengi, na mama yake angemwamini. Nilitaka kukimbia, nilitaka kumfinya aseme.

"Ata mi, mama," akasema Norbert. "Sombe iko mu chungu, ni mi nilipika jana."

Anastasie aliinuka. Akafunua chungu, akachota kwa vidole, akaonja. Akaonja tena. Kisha akarudi kuketi, na mgongo ule ulionyooka ukalegea.

"Umepitisha majani ku moto," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ulimwambia huyu bibi yako uliyeoa nani alikufundisha?"

"Ulikataza nisiambie mutu. Ata yeye sikumwambia."

Akanigeukia. Uso ulikuwa mwingine. "Mungu alinipa batoto banaume tu. Miguu ikavimba, sikuweza kusimama, na baba yao alikuwa ku machimbo. Ningemuita nani? Nilimfundisha huyu, nikamwambia: funga mulango, bantu basikuone." Akamtazama mwanawe. "Alikuwa anatwanga na kulia. Alifikiri iko mubaya kama kuiba."

Norbert alikuwa akitazama vidole vyake. Nilisikia hasira yangu yote ikiyeyuka, na mahali pake pakaja huruma iliyoniuma, kwa wote wawili.

"Sheria ni sheria," akasema Anastasie. Akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akanitaka maharagi, na siku hiyo mama mkwe wangu akatupikia.

Asubuhi iliyofuata nilimuuliza tena: "Mama, leo tukule nini?"

"Yo..." Akaufunga mdomo haraka. Norbert aliangua kicheko. Mama akafikiri, akakunja uso, akafikiri tena, maana kuamua ni kazi kwa kila mtu.

"Sombe," akasema mwishowe. "Ya Norbert. Na ongeza karanga, ile nilionja jana ilikuwa na kidogo."

Norbert akaenda kufunga mlango.

"Wacha mulango," alisema Anastasie. "Kinu toa inje."

Norbert akakikumbatia kinu, akakiburuta mpaka katikati ya uwanja. Alipopiga mchi mara ya kwanza, kichwa cha Zubeda kikachomoza juu ya matete, na mama mkwe wangu akampungia mkono.