Cheti Chini ya Kichwa cha Kalikst

Sepetu iligonga ubao, na Rozalia Dovgird akapiga ishara ya msalaba.

"Tumemfikia," alisema Mateush, mchimba kaburi. "Geuka basi, Bibi. Hayatazamiki haya."

Hakugeuka. Miaka tisa iliyopita ni yeye mwenyewe aliyekiweka cheti cha uungwana chini ya kichwa cha mumewe, ngozi ya ndama yenye muhuri wa mfalme wa zamani, ili Kalikst akifika mbinguni asije akaketishwa pamoja na wakulima. Ukoo wa Dovgird ulikuwa umebakiwa na maksai wawili na shamba la shayiri, lakini Kalikst alilima na upanga kiunoni mpaka njaa ikauuza. Mwana wao, Justin, akachonga mwingine wa mti. Kila asubuhi aliuchomeka kando ya shamba kabla ya kushika plau, na majirani walicheka hadi wakachoka wenyewe.

Kisha maafisa wa Kaizari aliyeitwaa nchi wakataka kila muungwana aonyeshe cheti. Asiye nacho ni mkulima, na mtoto wa mkulima huenda jeshini miaka ishirini na mitano. Justin alichukuliwa wiki ya Pasaka. Karani wa mji wa Rosienie alimwambia Rozalia alete cheti, mwanawe atarudishwa. Tangu hapo alimkumbuka mwanawe hata kwa kero zake: buti za matope mlangoni, na ule wimbo mmoja aliokuwa akiukosea kila siku.

Mateush alifunua jeneza, akapapasa. Alipoinuka alikuwa na kipande cha nta nyekundu, nusu ya picha ya farasi wa muhuri.

"Maji yaliingia, Bibi. Ngozi imekuwa uji."

Rozalia alikipokea kwa mikono miwili.

"Nilimtafutia baba kiti kizuri mbinguni," alisema, "nikamnyima mtoto chake mezani."

Mateush, ambaye wanawe wawili walikwenda jeshini bila mtu kuwatafutia cheti chochote, alishika sepetu. Alifukia taratibu.

Mjini Rosienie karani aliitazama ile nta, akamrudishia Rozalia. Nta si maandishi, alisema.

Kesho yake Rozalia aliwafunga maksai. Aliuchukua upanga wa mti, akauchomeka upande wa barabara ya Rosienie, ambako mtu anayekuja angeuona kutoka mbali. Halafu akashika plau. Mfuo wa kwanza ulikwenda kombo, kwa kuwa macho yake yalikuwa barabarani.