Gari Lililozima Mara Tatu

Siku ya nne baada ya kumzika mdogo wangu Makarius, niliingia chini ya gari la Yotham. Sikuwa na uchungu. Watu walidhani nimejikaza, lakini hapakuwa na kitu cha kukaza.

Yotham ndiye aliyekuwa anatupeleka hospitali Mpanda, Makarius tumbo limekuwa gumu kama ubao. Gari likazima mara tatu njiani. Kila likizima tunakaa nusu saa, halafu linawaka kama halikuwa na neno. Mara ya tatu lilipowaka, mdogo wangu alikuwa ameshakata roho mapajani kwangu.

Sasa kijiji chetu kizima cha Mwese kilisema Yotham alifanya makusudi, maana mwaka jana waligombana na marehemu kwa mpaka wa shamba. Jioni hiyo tunaanua matanga, ukoo unakaa, na watakachosema nilishakisikia: Yotham na wanawe watano waondoke kijijini.

"Juzi nililipeleka gereji Mpanda, pale Kashaulili," Yotham aliniambia. "Wakabadilisha plagi, wakabadilisha koili. Kurudi, likazima pale pale kilimani."

"Walilijaribu barabarani?"

"Waliliwasha tu kivulini, mzee. Likanguruma vizuri."

"Hata mimi ukinilaza kivulini siumwi."

Alitaka kucheka, akaacha.

Nimeshika spana Tabora, Kigoma, Sumbawanga na Inyonga, na kote nimeondoka kabla sijazoeleka. Nilichobaki nacho ni geji ya kupima presha ya petroli. Niliifunga kwenye paipu inayoingia injini, mpira wake nikaupitisha nje ya boneti, geji nikaibana kwenye waipa ili tuione tukiwa ndani. Tukaanza kupanda.

Mshale ulikaa kwenye tatu. Tukapita kanisa, bado tatu. Kilima kilipoanza ukashuka, mbili na nusu, mbili, polepole, kama mtu anayeishiwa pumzi. Ulipofika chini ya moja gari likakohoa, likazima.

"Umeona!" Yotham alisema. "Sikuwadanganya!"

"Tulia kwanza. Ingekuwa waya umekatika, mshale ungeanguka mara moja. Chujio likiziba kwa uchafu halijizibui lenyewe."

Tukakaa. Nusu saa ikapita. Alipowasha, mshale ukapanda hadi tatu.

"Kuna kitu ndani ya tangi," nilisema. "Pampu ikivuta, kinakuja kuziba mdomo wake. Ikizimwa, kinaachia."

Tulirudi kwake, tukang'oa siti ya nyuma, tukafungua tangi. Nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Kilikuwa kinaelea: kipande cha nailoni, kipana kama kiganja, maandishi mekundu ya mfuko wa chumvi.

Huku kwetu dumu la petroli likibebwa kwenye pikipiki kifuniko huvuja, kwa hiyo unaweka nailoni mdomoni ndipo ukaze. Siku ile Makarius alipozidiwa gari halikuwa na mafuta. Mimi ndiye niliyepanda pikipiki kuyafuata, mimi nikamimina, kwa haraka. Nailoni kama imeangukia ndani ya tangi, sikuitazama.

"Ya nani hii?" Yotham aliuliza.

"Yangu."

Alikaa chini kwenye vumbi. Baadaye akasema, "Mzee Melkior, usiwaambie. Sema tu pampu mbovu. Watakutafuna."

"Si wewe ndiye wanayemtafuna sasa?"

Jioni nilisimama mbele ya ukoo nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, bila kuzunguka. Msemaji wetu, binamu Pontien, alitikisa kichwa.

"Ndugu yetu, unamkingia mtu. Nailoni gani ya kuua? Wewe mwenyewe huwa hukai nyumbani, umekuja kutuletea hadithi za barabarani?"

Niliiweka nailoni juu ya mkeka. Dorotea, mjane wa Makarius, aliivuta kwake, akainusa petroli, akaisoma.

"Ni kweli," alisema. "Siku ile shemeji aliniomba nailoni jikoni. Nikamwaga chumvi kwenye bakuli, nikampa."

Kuku alipita katikati ya mkeka na hakuna aliyemfukuza. Mwishowe Pontien aliita kwa sauti kuelekea kwenye uzio, Yotham alikokuwa amesimama tangu mwanzo.

"We Yotham! Unasimama huko kama mdai? Ingia ule, ugali unapoa. Na nyie sogeeni akae."

Yotham akaingia, akanawa. Mimi nilibaki nimesimama. Hakuna aliyenifukuza wala aliyenisogezea kigoda.

Dorotea akaja na sahani yangu.

"Shemeji, mlipokaa pale njiani, alisema neno?"

"Aliuliza mbona tumesimama."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia gari linapumzika."

Aliniangalia, akanipa sahani. Nikala.